Kompyuta ya Jumapili Alasiri

Mzee Gerishon alisema kompyuta yetu imekufa, na aliyasema hayo kwa furaha. Hapo ndipo aliponichoma. Hata mbuzi wa jirani akifa mtu hujitia huzuni kidogo. Yeye, mwenyekiti mzima, alisimama mbele ya kamati ya kanisa, akapangusa miwani yake polepole, akatangaza kwamba mashine itatupwa na chumba cha nyuma kitarudi kuwa stoo ya viti vya plastiki.

"Madam Waringa amejaribu, tumshukuru," akasema. "Lakini hiyo kitu imezeeka. Let us be realistic."

Nikasimama bila kuinua mkono.

"Haijakufa," nikasema. "Nipeni mpaka Jumapili ijayo."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa nitabeba viti mwenyewe."

Wakacheka. Wacheke. Nilijua kilichokuwa kinamfurahisha mzee, na hakikuwa viti. Kanisa letu liko Kawangware, na kompyuta ile tuliletewa na ofisi moja ya Westlands iliyokuwa ikinunua mpya. Mimi nilikuwa nimechapa barua za mabosi kwa miaka mingi kabla ya kupunguzwa kazi, basi nikaanzisha darasa la kuchapa kwa wasichana wa kazi za nyumbani. Huja Jumapili alasiri kwa sababu ndiyo siku yao ya off. Wanashuka kutoka mitaa ya matajiri ya Lavington na Kilimani, mikono bado inanuka Jik ya kufulia, wanaketi wanne kwenye benchi wakingoja zamu. Aliyewapita wote ni Nzula, binti mpole wa Kitui, ambaye neno lake kwa kila mtu lilikuwa "sawa". Duka moja la kuchapisha pale Adams Arcade lilikuwa limeahidi kumjaribu akishakuwa na kasi kidogo. Na Nzula huyo alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa nani? Kwa Mzee Gerishon.

"Hawa wote wakienda ofisi," mzee aliwahi kusema mbele yangu, akiwa na kikombe mkononi, "nani atapika?"

Alisema ni utani. Mimi utani wa namna hiyo naujua, nimeuchapa sana.

Shida ilikuwa imeanza kabla ya kamati kukaa, katikati ya somo. Mashine ilijizima, ikajiwasha, ikajizima tena, na mwishowe ikakataa kabisa kufungua Windows. Nikasema haidhuru, tutaiweka Windows upya. Nikatia CD. Ikaanza kunakili mafaili vizuri, halafu skrini yote ikageuka buluu na maandishi meupe yasiyo na salamu. Nikarudia. Safari hii ilifika mbele zaidi, ikaganda. Nikarudia tena, ikagoma mapema kuliko mara ya kwanza.

Hilo likanifikirisha. CD ikiwa mbovu, mashine hukwama mahali palepale kila mara. Hii ilikuwa ikikwama inapojisikia. Basi tatizo halikuwa CD, lilikuwa ndani ya sanduku lenyewe. Hata hivyo niliazima CD nyingine, ili asiwepo mtu wa kuniambia sikujaribu. Buluu. Nikachomoa vijiti vya memori, nikavisugua meno kwa raba ya penseli kama tulivyozoea ofisini, nikajaribu kimoja, kisha kingine peke yake. Buluu. Nikabadilisha waya wa diski. Buluu. Ningekuwa mtu wa kutukana, kanisa lile lingehitaji kuombewa upya.

Siku iliyofuata mkutano wa kamati nikaipeleka mjini, River Road, kwa Oloo, fundi mwenye chumba ghorofani juu ya maduka ya kuchapisha kadi za harusi. Oloo akafungua mfuniko, akauweka kando, akapuliza puliza, akatia CD. Nikaketi kwenye kreti ya soda nikiisubiri buluu. Haikuja. Windows ikaingia mpaka mwisho kama maji kwenye mtungi.

"Madam, hii machine iko poa," Oloo akasema. "Labda ni wewe unaitisha. Unaiangalia na hasira sana."

"Wacha kunichezea, Oloo. Kule kwetu inakufa."

"Basi ni stima ya kanisa. Tafuta stabilizer ya kutuliza stima."

Nikairudisha kwa teksi, nimeipakata kama mtoto. Kanisani wasichana wawili waliokuwa wametumwa dukani wakapita kunisaidia. Tukaiweka mezani, tukaweka stabilizer niliyoazima, tukaivisha kitambaa chake, tukaweka skrini juu, tukawasha. Ilifanya kazi muda wa kuimba nyimbo chache tu. Kisha ikajizima, na ilipowaka tena Windows ya Oloo ilikuwa imeharibika.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema kile chumba kina jambo. Mhudumu mmoja akaniambia kwa upole kwamba pengine mashine haipendi kuguswa na wanawake wengi. Nikamwambia, kwa upole uleule, kwamba jiko nalo huguswa na wanawake wengi na bado anakula. Lakini nilipofika nyumbani nililia. Niseme ukweli, nililia kwa uchungu. Nzula alikuwa amenipigia kutoka kibanda cha simu kuuliza, "Mwalimu, itapona?" nami nikamjibu ndiyo bila kujua lolote.

Jumapili ikafika. Ibada ilipokwisha nikaingia chumba cha nyuma na wasichana wangu, nikawasha, nikatia CD. Kamati ingekuja baada ya chai. Mafaili yakaanza kupita. Mama Debra, mke wa Mzee Gerishon na kiongozi wa akina mama, alikuwa pale akigawa vikombe. Hakuwa adui yangu. Alikuwa mtu wa kanuni zake tu.

Buluu.

Nikasikia benchi zima likishusha pumzi. Nikapenyeza mkono chini ya kitambaa kutoa CD, na mkono wenyewe ukaruka. Chuma kilikuwa cha moto. Sisemi joto, nasema moto, kama sufuria uliyosahau kwamba imetoka jikoni sasa hivi.

Nikakitazama kile kitambaa. Kwa mara ya kwanza, nadhani, nilikitazama. Kompyuta ilipoletwa iliwekwa wakfu madhabahuni kama tunavyofanya kwa kila zawadi, na Mama Debra akaifumia vazi lake: jeupe, zito, lenye pindo la zambarau na msalaba mbele, limeshuka pande zote mpaka mezani, na tundu dogo la kupitishia CD. Likaombewa. Kwetu kitu cha thamani hakikai wazi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, kiti kina kitambaa mgongoni na mikononi. Nyumba isiyo na vitambaa tunasema haina mama. Sasa ni nani angekiona kitambaa kuwa tatizo? Nilikuwa nimekagua kila kitu kwenye mashine ile, na kila nilipomaliza nilikuwa naifunika vizuri. Kwa Oloo ilikaa uchi mchana kutwa, ikapona.

Nikaishusha skrini. Nikashika pindo la zambarau, nikavuta.

"Waringa!" Mama Debra akaweka birika chini. "Unafanya nini? Hicho kitambaa kiliombewa!"

"Kiliombewa, Mama Debra. Lakini hakikuombewa kiwe blanketi."

"Unanitusi?"

"Sikutusi. Njoo uweke mkono hapa."

Hakutaka. Nikasubiri. Mwishowe akaja, akagusa kwa ncha ya kidole, akakipeleka kidole haraka mdomoni. Nikafungua mfuniko mbele yake. Feni ilikuwa imesongwa na nyuzi nyeupe zilizochanganyika na vumbi, inazunguka kwa shida kama mgonjwa anayepanda ngazi. Nikazitoa kwa kibano cha nyusi cha Nzula. Wasichana wakaanza kupepea kwa karatasi za matangazo ya ibada, na Mama Debra akachukua karatasi naye akapepea.

Chuma kilipopoa nikatia CD tena. Ndipo kamati ikaingia, Mzee Gerishon mbele.

"Ni nani ametoa kitambaa ya church?" akauliza.

"Mimi."

"Kitu imeombewa unatoa tu hivyo? Kwa ruhusa ya nani?"

"Mzee, Mungu anajua kitambaa, na anajua feni pia. Keti uone."

Hakuketi. Alisimama nyuma yangu akipumua kwa sauti, akiniambia itakwama sasa, ngoja, itakwama. Ikapita pale ilipokwamia mara ya kwanza. Ikapita pale pengine. Chai ikapoa, wanakamati wakakaa mmoja mmoja kwenye viti vilevile vya plastiki vilivyokuwa vikitafutiwa stoo. Hakuna buluu.

Windows ikauliza mwenye mashine ni nani. Nikawageukia wasichana.

"Tuandike nani?"

"Sisi," akasema mmoja, wote wakacheka. Nikaandika Darasa la Jumapili. Kisha ikataka neno la siri. Nikawaita wakaja kunizunguka, tukanong'onezana kama wezi, wakachagua wenyewe, nami nikaliandika. Baada ya muda ikafunguka: uwanja wa kijani na mbingu ya samawati. Vigelegele vilipigwa hadi watoto wa jirani wakachungulia dirishani. Nikaizima na kuiwasha tena, kusudi wote waone. Ikawaka, ikasimama pale penye kuuliza neno.

Mzee Gerishon akakohoa.

"Vizuri sana. Tumshukuru Mungu," akasema. "Sasa kwa vile inafanya kazi, tutaihamisha ofisi ya church. Hapa itaharibika tena. Hawa wasichana watatafutiwa kitu ingine."

Juma zima ilikuwa maiti, na dakika ilipofufuka ikawa yake!

"Ilikuwa ya kutupwa, mzee," nikasema. "Ulitangaza mwenyewe. Sisi tumeiokota."

"Usinifundishe kuendesha church. Hiyo password ni gani?"

"Ni ya darasa."

"Nimeuliza ni gani."

Angeweza kuipeleka River Road ikafunguliwa, hilo alilijua, nami nililijua. Lakini mtu wa namna yake kwanza hutaka kuambiwa. Akaacha kunitazama mimi. Akatembeza macho benchini, polepole, mpaka akampata anayemtaka.

"Nzula," akasema, na sauti ikawa ya nyumbani, ile ya kuitisha maji ya kuoga. "Niambie hiyo neno."

Nzula alikuwa amesimama karibu na ukuta, karatasi ya kupepea bado mkononi. Nikajisemea, sitamlaumu. Msichana anakula kwake, analala kwake, pesa anazomtumia mamake kijijini zinatoka mfukoni mwa huyu mtu. Akisema, sitamlaumu hata kidogo.

"Nzula. Si naongea na wewe?"

"Nakusikia, mzee."

"Basi?"

"Sisemi."

Sidhani kama mzee alikuwa amewahi kulisikia neno hilo kutoka upande ule wa meza. Alimtazama mkewe kana kwamba ni yeye aliyelisema. Mama Debra alikuwa anakikunja kile kitambaa, pindo kwa pindo, wala hakuinua kichwa.

"Haya," mzee akasema taratibu. "Na leo utalala wapi?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo mimi. Nina chumba kimoja na kitanda kimoja, na godoro la ziada linalovuja sufi.

"Atalala kwangu," nikasema. "Leo na kesho na mpaka atakapochoka kuniona."

Nzula akaweka karatasi chini, akavuta kiti, akaketi mbele ya skrini. Aliandika lile neno kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na mkono wa pili ameukinga juu ya kibodi ili Mzee Gerishon asione.