Mwakilishi Niliyemuua kwa Barua

Haya yote ni kweli tupu, sijaongeza chumvi hata ya kuonja. Nimekuwa fundi mizani miaka thelathini na saba, na fundi mizani akitaka kudanganya mkono wake mwenyewe unakataa. Mizani niliyoinyoosha mimi, ukiweka kuku juu yake, inakwambia na yai lililo tumboni lina gramu ngapi. Asiyeamini aende Nyakato ya Musoma akaulize.

Ilikuwa mwaka themanini na sita. Sabuni ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani, na kila aliyefungua duka alitaka mizani. Mimi na Leodgar tulikuwa na karakana moja, baiskeli moja na sanduku moja la posta. Siku moja nikanunua dagaa sokoni Musoma, wamefungwa kwa karatasi ya gazeti la Kizungu. Nilipomaliza dagaa nikaisoma karatasi. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyochanika jalada pamoja na herufi A na B. Pale paliandikwa kwamba Chama cha Mafundi Mizani Duniani, chenye makao Uswisi, kinatafuta wawakilishi kila pembe ya dunia.

Nikamwonyesha Leodgar. Mimi ningali natafuta maneno kwenye kamusi, yeye akawa ameshatuma barua. Miezi mitatu baadaye kikaja kifurushi: cheti chenye muhuri mwekundu, tai ya bluu, na beji ya shaba yenye mchoro wa mizani. Leodgar amekuwa Mwakilishi wa Mara.

Mtu aliyekuwa akiazima viatu vyangu kwenda harusini! Tai ile aliivaa hata akipaka grisi. Kanisani wakampa benchi la mbele. Akachukua na ufunguo wa sanduku la posta, eti barua nyingi sasa ni zake. Wateja wakiingia karakana wananipita kama mlango: "Mwakilishi yupo?"

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mke wangu Dorotea akaniuliza, "Baba Selestina, hiyo karatasi si wewe uliiona kwanza?"

"Ni mimi."

"Halafu ukaendelea kula dagaa."

Nikifumba macho naiona beji. Msimu wa pamba ukafika, nikaenda Bunda kunyoosha mizani za vituo vya ununuzi. Nilipanga chumba mtaa wa Nyasura, na humo ndimo nilimuua Leodgar.

Niliandika kwa Kiingereza safi kwamba Mwakilishi wetu mpendwa amefariki. Alikuwa ziwani akimpima sangara mkubwa kuliko mizani yenyewe. Samaki akajitikisa, akaondoka na mizani, na Mwakilishi akiwa ameishikilia. Mwili haujaonekana. Nikamalizia kwamba mimi, Bernado, fundi mwenzake, niko tayari kuubeba mzigo huu mzito. Nilifikiria kila kitu, hata rangi ya sangara. Chini nikaandika anuani, ile moja tuliyokuwa nayo.

Nilikaa Bunda wiki saba nikijiona tayari nimevaa tai. Kisha akaja mjumbe: naitwa Butiama, nyumbani kwa akina Leodgar, na nisichelewe.

Nikakuta watu wamejaa uani. Leodgar amekaa nje kwenye kigoda, peke yake, tai shingoni. Shangazi yake, Bibi Ghati, alikuwa mlangoni amezuia njia kwa fimbo.

"Fundi," akaniambia, "huyu unamwonaje? Ni mzima ama ni maiti?"

"Mzima, shangazi."

"Basi mbona Wazungu wanampaga mke wake pole?"

Leodgar akafungua barua, akaisoma polepole kwa Kiswahili ili wote wasikie. Chama kimepokea kwa majonzi habari za yule samaki. Kinampa pole mjane. Kinamshukuru Bwana Bernado kwa taarifa yake nzuri.

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Mimi nilikuwa natafuta pa kutazama.

"Subiri, haijaisha," Leodgar akasema. Yeye hakuwa anacheka. "'Tunamkubali Bwana Bernado kuchukua nafasi hiyo, kwa kuwa marehemu mwenyewe, katika barua yake ya kwanza kabisa, alimtaja kuwa naibu wake na fundi hodari kuliko yeye.'"

Kicheko kikakatika.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Nilikuwa nasubiri beji yako ifike, Bernado. Niliagiza mbili."

Afadhali angenipiga.

Bibi Ghati akagonga fimbo chini. Kwetu mtu akitangazwa kufa naye yu hai, haingii nyumbani mwao mpaka achinjwe kondoo, na kondoo anatoka kwa aliyetangaza. "Wa kilo arobaini," akasema, "maana umemuua mtu mzima. Na hao Wazungu uwaandikie leo hii kwamba amefufuka."

Barua niliandika hapohapo, juu ya goti: samaki alimtapika. Kesho yake nikarudi na kondoo. Nikamsifu mbele ya wote: kilo arobaini na mbili, nimempima mwenyewe asubuhi, na mkono wangu haujui uongo.

Leodgar akainuka. Alileta mizani ya kuning'iniza niliyoinyoosha mimi mwenyewe, akaitundika kwenye boriti ya zizi, akamfunga kondoo na kumwinua. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia kwenye ishirini na sita.

"Labda mizani ni mbovu," Bibi Ghati akasema, akinitazama mimi.

Nikisema mbovu, ufundi wangu umekwisha Mara nzima. Nikisema nzima...

"Ni nzima, shangazi," nikasema.

Nikachukua baiskeli kwenda kutafuta kondoo wa pili. Leodgar alikuwa bado nje kwenye kigoda chake, akaniita.

"Naibu! Huyo wa pili usimpime. Nitampima mimi."