Ngo, Ngo, Kutoka Chini

Mshona nguo wa ghorofani alikuwa ameshachoka kugongewa. Akikanyaga cherehani tu, bomba la maji linalotoka chumba cha chini linaitika: ngo, ngo, ngo! Akiacha, kimya. Jamani, mtu na kazi yake!

Alijaribu kila njia. Alitandika blanketi chini ya cherehani, akaitia mafuta mpaka ikateleza, wapi! Mwishowe akawa anashona kwa mkono, na wateja wakaanza kumnunia. Chumba alikipenda, lakini angeishije na jirani asiyemtaka? Akafunga virago. Kabla ya kuondoka akashuka, amevimba kwa hasira, akampe huyo jirani vidonge vyake.

Binti wa chini alifungua mlango, akamwahi.

"Dada! Mbona siku hizi hushoni? Mama anakungoja."

Hasira zikamwishia mdomoni. Kitandani, karibu na bomba, alilala bibi mmoja mwembamba, kijiko mkononi.

"Tangu apooze, mkono huu ulikuwa umelala tu," binti akasema. "Na neno hajatoa. Siku uliyohamia, uliposhona, nikamkuta ameokota kijiko anagonga. Ukiacha, naye anaacha."

Fundi akasisimka mwili mzima. Kumbe muda wote alikuwa anachezewa ngoma, naye ananuna! Aliona aibu, lakini mshangao ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

"Nataka kuona," akanong'ona.

Basi mume wa binti, dereva wa lori asiyejua hata kutunga uzi, akatumwa juu akanyage cherehani. Fundi akapiga magoti kando ya kitanda.

Juu kukakohoa: krrr, kimya, krrr-krrr. Vidole vikavu vikajikunja. Kijiko kikanyanyuka polepole, kikatetemeka hewani, ngo! Fundi akajiziba mdomo, machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Hajawahi kuona kitu kizuri namna ile, na kilikuwa ni mkono tu.

Krrrrr, juu kukakwama. Krr. Kimya. Kriii!

Kijiko kikasimama. Bibi akakunja uso, akatazama dari. Midomo yake ikahangaika, ikapinda, ikajaribu tena. Binti akamshika fundi bega kwa nguvu.

"Huyo," bibi akasema, taratibu kabisa, "anaharibu kitambaa."