Usifunue Bado

Tangu utotoni mama alinigombeza kwa jambo moja: sufuria ikiwa motoni, sitoki jikoni mpaka nimefunua kifuniko. Nimezeeka na ugonjwa huo.

Kazi yangu ni kukuza seli katika maabara ya hospitali. Mtungi wa gesi ulipomlipukia mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliungua mgongo wote, mikono na miguu. Ngozi nzima iliyobaki mwilini haikutosha kuufunika mgongo huo, na mgongo ukikaa wazi hivyo, hatapona. Madaktari wakamkata kipande kwapani, kidogo kama stempu, wakatuletea.

"Kwa hiyo mnanitengenezea mwingine kama yeye?" mama akauliza. "Huyu mmoja tu amenitoa jasho!"

Nikacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Nikamweleza kwamba seli moja hujigawa zikawa mbili, mbili zikawa nne, kila moja nakala ya ile ya kwanza. Tunapata ngozi, mtu hatupati. Tena kwa kuwa ni yake mwenyewe, mwili hautaikataa kama ambavyo ungeikataa yangu.

Nikamwomba mkuu wetu, tunayemwita Bi Kufuli, nizilee seli hizo mwenyewe. Akanitazama sana, kisha akakubali.

Seli hukaa kwenye sahani, ndani ya kabati lenye joto la mwili, na hazitaki kusumbuliwa, maana kila ukifungua hewa huingia na vijidudu vya ukungu. Mimi nikalifungua kabati asubuhi, mchana na kabla ya kwenda nyumbani, nikijidanganya kwamba nakagua. Wiki ya pili nikakuta ukungu kwenye sahani zote sita.

"Nimemuua mdogo wangu," nikamwambia Bi Kufuli huku nalia.

"Kaa chini. Umeua sahani sita. Nyingine sita ninazo mimi."

Akavua ufunguo shingoni, akafungua kufuli la chumba cha pili. Siku ile nilipomwomba, alizigawa seli mafungu mawili bila kuniambia.

"Ndugu wote huchungulia," akasema. "Hata mimi nilizichungulia za mume wangu."

"Zikapona?"

"Hazikupona. Unafikiri kufuli nililinunulia nini?"

Tangu siku hiyo sijamwita tena kwa jina lile.

Ngozi ikakomaa, wapasuaji wakaipandikiza. Siku ya kufungua bandeji nilisimama mlangoni nimeukabili ukuta, mikono mifukoni. Nilisikia mkasi, kisha bandeji ikibanduliwa. Nikajizuia kugeuka, hata daktari alipomnong'oneza mgonjwa wake neno.

Halafu nikasikia sauti ya mdogo wangu, akiwa amelala kifudifudi:

"Dada, mbona umenuna huko? Njoo ufunue sufuria. Imeiva."

Nikageuka. Ilikuwa nyembamba, inang'aa, na imeshika mgongo mzima. Mama alikuwa ameshafika kitandani kabla yangu, anachungulia.