Udevu Mweupe Ndani ya Chumvi

Usiku wa kuamkia leo niliota bucha langu limehamia kwenye maabara ya chuo. Nyama zinaning'inia kama kawaida, na juu ya gogo la kukatia ipo chupa ya binti yangu, Zamaradi.

Ndiyo chupa inayomliza. Anatengeneza chumvi ya naitrojeni, lakini kila akiipika inabaki mafuta mazito. Profesa wake ameshamwambia: isipoganda wiki hii, utafiti umekufa.

Nachungulia. Ndani wamesimama watu sita, wameshikana mikono kwa duara. Watano ni Kaboni, weusi kama mkaa. Wa sita ni Naitrojeni, na mgongoni amebeba duara zima la watu wengine sita.

"Shikamoo, mzee wa bucha," ananiambia.

"Marahaba. Mbona hamkai?"

"Mzigo huu umenipunguzia elektroni moja. Aliyepungukiwa haruhusiwi kukaa bila mwenza mwenye ziada. Wangu ni yule, Bromidi."

Bromidi, bonge la mtu, amesimama kando, kofia mkononi. "Mimi nipo," anasema. "Kuganda kwetu ni kukaa; tatizo ni kwamba hakuna aliyeanza."

Hapo hapo tuko kwenye matanga ya mke wangu. Mikeka imetandikwa. Watu wamejaa uani, wawili wawili, wote wamesimama. Hakuna atakayekaa kabla ya mfiwa.

"Mfiwa ni wewe," anasema Bromidi.

"Sikai. Nikikaa nitakuwa nimekubali."

"Basi mwanao atabaki na mafuta yake. Au toa kitu chako kikae badala yako."

Napapasa kidevu. Nina udevu mweupe mmoja tu, uliochomoza wiki tuliyomzika. Naushika. Nauachia, naushika tena.

"Ng'ombe mzima unamchinja bila kupepesa," anasema Naitrojeni, "udevu mmoja unakutoa jasho?"

Nang'oa. Naulaza kwenye mkeka.

Wanakaa. Wawili wawili, safu kwa safu, kwa mlio kama wa sukari inayomiminwa.

Niliamka kidevu kinawasha. Simu ilikuwa inaita.

"Baba, imeganda," alisema Zamaradi. "Fuwele nyembamba kama sindano, nyeupe." Akaongeza: "Ila katikati kuna udevu mweupe. Na humu maabara tuko wanawake peke yetu."

Nikapapasa kidevu. Palikuwa na tone la damu.

"Usiutoe," nikamwambia. "Ndio uliotangulia kukaa."