Shavu la Kushoto

Faida alizikwa Jumanne, mama yake akafika Alhamisi. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Walungu, na maiti haingoji barabara itengenezwe. Maman Domitille alipanda pikipiki, akashuka, akavuka tope kwa miguu, akapanda nyingine, na alipoingia uani kwa mkwe wake huko Kadutu, kitenge kikiwa kimelowa matope hadi magotini, alikuta viti vya kukodi vimeanza kukusanywa. Hakulia. Wanawake waliobaki kwenye matanga walimpokea kwa vilio, yeye akawanyamazisha kwa mkono na kumwomba mkwe wake kitu kimoja tu.

“Munionyeshe sura yake,” alisema. “Sikumuona. Munipatie photo, nimuangalie.”

Ungedhani kaomba kwa mtu anayefaa kabisa. Delphin alikuwa mpiga picha, tena si wa kubahatisha. Studio yake ilikuwa na miaka kumi na miwili, na nusu ya maharusi wa Kadutu walikuwa wamepita mbele ya pazia lake la bluu. Picha za mkewe alikuwa nazo mia nne na kitu. Akachukua ile kubwa iliyotangulia mbele ya jeneza, yenye utepe mweusi pembeni, akamletea kwa mikono miwili, kisha akarudi nyuma hatua tatu. Mkwe haketi benchi moja na mama mkwe, na katika mambo hayo Delphin alikuwa mtu wa adabu.

Maman Domitille aliitazama picha. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akapitisha kidole gumba kwenye shavu la kushoto, mara moja, mara mbili, kana kwamba kuna vumbi.

“Huyu haiko mutoto wangu,” alisema.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba uchungu umempanda mama wa watu kichwani. Delphin hakuhitaji kuelezwa. Alijua kidole kile kinatafuta nini.

Faida alikuwa na kovu. Lilianzia chini ya jicho la kushoto, likashuka hadi karibu na mdomo, ngozi iliyokunjamana na kung'aa. Aliungua akiwa na miaka minne, na katika yote aliyowahi kumsimulia mumewe, hilo hakulieleza zaidi ya kusema kwamba ni mafuta. Na katika picha zote mia nne na kitu, kovu halikuwepo.

“Ni miye nilimuchomaka,” Maman Domitille alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililowatisha waliokaa pale. “Nilikuwa napika mandazi ya kuuza. Akanivuta kitenge, nikamusukuma na mukono yenye kushika kijiko ya mafuta. Juu ya kasirani tu. Watu wote niliwaambia ni yeye njo aliangusha sufuria, na yeye akakubali vile, mutoto wa miaka ine. Miaka makumi mbili na saba sikumuombaka pardon. Nilikuwa nasema, ntamuomba siku moja. Sasa ntaomba ku nani? Ku huyu? Huyu sikumufanyia kitu.”

Akamrudishia Delphin picha.

“Zile mulikuwa munanitumia kule Walungu,” aliongeza, “nilizania ni macho yangu njo inazeeka.”

Sasa hapa lazima tuzungumze habari za kamera, maana ndizo zilizomfikisha mtu huyu alipo. Zamani Delphin alikuwa na kamera nzito ya mtumba, nyeusi, iliyochubuka kingo, na mashine ile ilisema kweli bila kuulizwa. Chunusi ilikuwa chunusi. Jasho la puani lilionekana. Wateja walikuja kuchukua picha zao, wakazitazama, wakakunja uso. Walimwambia mashine yake inasema watu vibaya, wakaenda kwa vijana wenye simu za kung'arisha nyuso. Jioni ilipofika Delphin alikaa kwenye kompyuta akisafisha ngozi za watu kwa mkono, mmoja mmoja, na za asili akizitupa ili apate nafasi. Shavu la mkewe alilisafisha namna hiyohiyo. Hakuona ubaya. Alimpenda, na alitaka aonekane vizuri, na mwanaume anayeamini anafanya jambo kwa upendo hakosi usingizi.

Halafu akaja mwanamke mmoja wa kampuni. Ilikuwa kampuni ya mbali inayotengeneza kamera, na alikuwa anapita mji hadi mji kuwauliza wapiga picha maswali mawili: wateja wenu wanataka picha za namna gani, na kamera ya bei gani mnaiweza? Aliwakusanya kwenye ukumbi mmoja huko Nyawera, akawapa sambusa na soda. Wengine walikula, wakashukuru, wakanyamaza. Aliyesimama ni Delphin, mdomo mwepesi, na suti ya Jumapili juu.

“Watu ya hapa hawapendake kweli,” alisema. “Wanataka ngozi laini, yenye kutakata, bila alama. Mashine ifanye ile kazi yenyewe. Bei ikuwe chini. Tena musituwekee mabuto mingi, mutu atakosea abonyeze azimishe. Ikose hata buto ya kuzimisha.”

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Yule mwanamke aliandika kila neno, na Delphin alitoka pale amepandisha mabega.

Baada ya mwaka na nusu kamera ikafika madukani. Nyepesi, bei chini ya nusu ya ile ya mtumba, na ngozi inaisafisha yenyewe hata kabla hujainua kichwa. Kitufe cha kuzima hakikuwepo. “Walinisikiliza,” Delphin alimwambia kila aliyepita mlangoni, na kwa kweli ni haki yake, maana ni mara ngapi mtu wa Kadutu anasema neno na kiwanda cha ng'ambo kikalitii? Wateja walirudi. Ile ya zamani akamuuzia Polycarpe, mpiga picha wa mji mdogo wa Miti, pamoja na kadi yake na mkoba wake.

Picha ya kwanza ya kamera mpya alimpiga Faida. Faida aliitazama kwa muda mrefu kwenye kile kioo kidogo. “Huyu ni muzuri,” alisema. Hakusema yeye ni mzuri. Delphin alicheka kwa furaha, akaenda kufungua mlango wa studio.

Hayo yote yalimrudia siku ile ya Alhamisi, picha ikiwa mikononi. Akaingia ndani kutafuta. Alipekua simu yake, lakini nayo ilikuwa ya kung'arisha kama zote. Alitafuta kadi ya uchaguzi ya Faida, akaipata. Miaka ya kukaa kifuani penye jasho ilikuwa imeula wino, na mahali pa uso palibaki kivuli. Mwishowe akamwandikia yule mwanamke wa kampuni, kwa namba aliyowaachia siku ile. Alimweleza kwamba mkewe amefariki, kwamba anataka kujua kama kuna njia yoyote ya kuirudisha sura iliyokuwepo kabla mashine haijaisafisha.

Jibu lilikuja upesi, la adabu na pole nyingi. Hakuna njia, mwanamke aliandika. Kamera haihifadhi ile ya kwanza. “Papa Delphin, tuliweka vile mlivyotuomba. Wateja wa huko wanaipenda sana.”

Aliisoma mara tatu. Akatafuta wa kumkasirikia, akamkosa. Wenye kiwanda waliuliza, wakajibiwa, wakatengeneza walichoambiwa kwa bei waliyoambiwa. Mtu mwema kuliko huyo utampata wapi? Delphin aliketi sakafuni kati ya makabati yake akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, kwa sauti, mpaka wanawake wa nje wakanyamaza.

Ni katika kulia huko alipomkumbuka Polycarpe. Siku ya kuuziana, Polycarpe alikataa kulipa kabla ya kuijaribu mashine. Faida alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Polycarpe akainua kamera, akabonyeza.

Ijumaa asubuhi Delphin alikuwa Miti. Polycarpe alikuwa akiwapanga wanafunzi ukutani kwa picha za vitambulisho, akawaacha wamesimama hivyohivyo, akamkumbatia. Alielezwa habari yote.

“Ile niliichunga,” alisema. “Ni photo ya kwanza ya mashine. Mutu hafutake photo ya kwanza, inakuwaka ya baraka.”

Akachukua ile kamera nzito, akarudi nyuma picha baada ya picha, nyuso za Miti na Kavumu zikipita, mpaka zikaisha na ikabaki moja.

Faida alikuwa pale. Faida mwenyewe, jasho juu ya mdomo, mstari wa uchovu chini ya jicho, nywele mbili tatu zimetoka nje ya kitambaa. Delphin aliinama karibu na kioo. Alikuwa amesahau kwamba paji la uso wake lilikuwa na alama ndogo ya tetekuwanga. Alisahau hata rangi yake ilivyokuwa, ile ya kahawia iliyoiva, na hizi ni siku tatu tu tangu amzike. Beseni lilikuwa kiunoni, mkono wa kulia umelishika. Na mkono wa kushoto ulikuwa umeinuka, vidole vimetandazwa, umelifunika shavu.

“Pole, ndugu,” Polycarpe alisema, baada ya kuangalia vizuri. “Alifunika.”

Delphin alijua amefunika. Ndivyo Faida alivyozoea kusimama kamera ilipoinuliwa. Katika picha mia nne na kitu mkono ule ulionekana mara nyingi, na watu walidhani ni pozi, madaha tu. Polycarpe aliichapa nakala mbili, akakataa malipo, na Delphin akarudi mjini nyuma ya pikipiki, bahasha ikiwa ndani ya shati, akijiambia kwamba anampelekea mama wa watu picha ya kiganja.

Maman Domitille alikuwa kwenye benchi uani, peke yake. Delphin alimpa bahasha kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua zake tatu.

“Maman, munisamehe,” alisema. “Iko hii moja tu. Na haionekane vizuri.”

Mama alitoa picha. Safari hii hakuisogeza mbali wala karibu. Mabega yake yalishuka, na kitu kikamtoka kifuani ambacho hakikuwa neno.

“Njo huyu,” alisema. Ndiye huyu.

Aliitazama mpaka kidole gumba kikapata mahali. Kati ya kidole cha pili na cha tatu cha Faida palikuwa na mwanya, na kwenye mwanya ule, kisichozidi punje ya mahindi, palionekana kipande cha ngozi iliyokunjamana. Delphin, fundi wa picha wa miaka kumi na miwili, hakuwa amekiona. Mama aliweka kidole pale akaanza kuongea kwa Mashi, lugha ya kwao, polepole, akimwita bintiye kwa jina la utotoni. Delphin aligeuka akatazama ukuta. Si mambo ya kusikilizwa na mkwe. Alisikia tu sauti ikipanda, ikikatika, ikirudi mwanzo, na ilichukua muda mrefu, maana ilikuwa na miaka ishirini na saba ya kusema.

Ilipoisha, akamwita.

“Mukwe wangu. Kwetu hakukuwa anafichaka hii shavu. Alikuwa anacheza nayo, anasoma nayo, anaenda nayo ku soko. Watoto wakimucheka, anawapiga. Siku munakuja kumuposa, aliwapokea nayo waziwazi. Nani alimufundisha kuweka mukono hapa?”

Delphin alikumbuka mwaka wa kwanza wa ndoa, pazia la bluu, yeye nyuma ya kamera akitabasamu. *Weka mukono pale, chérie. Hivi. Inakuwaka muzuri zaidi.* Faida aliuweka, na tangu siku ile hakuambiwa tena.

Angeweza kusema ni pozi. Angeweza kusema ni wateja, kwamba walikuwa wanauliza sana mke wa studio amepatwa na nini. Angeweza hata kuitaja kampuni.

“Njo miye, maman,” alisema.

Maman Domitille hakumtukana. Alimtazama tu, macho yamevimba. Kisha akakusanya kitenge chake, akasogea upande wa mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Picha akaisimamisha mbele yao, ameiegemeza kwenye mtungi wa maji.

“Basi ikala hapa,” alisema, akiigonga nafasi ile kwa kiganja. “Na weye umuombe.”

Delphin aliketi.