Sigara ya Umeme Isiyo na Waya

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kimekufa tena."

Mkunga alifungua mkoba, akatoa kisanduku cha mbao na kukitua mezani, katikati ya saa mbili zilizofumuliwa. Mdogo wake, fundi saa, alikitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeaga jana na leo kaja na mizigo.

Mtaani walimwita Bwana Subira. Haikuwa sifa, ni kwamba kila mteja aliyeulizia saa yake alijibiwa, "Subira, subira." Lakini kwa kisanduku hiki subira yenyewe ilikuwa imekauka. Hii ilikuwa mara ya tano.

Ilikuwa sigara ya umeme aliyoiunda kwa mikono yake. Ndani betri moja nene kama kidole gumba, juu koili ya kuchemsha maji ya ladha yawe mvuke, ubavuni kitufe. Dada yake alikuwa akivuta tumbaku tangu yuko masomoni, na sasa kikohozi kilimkata kauli mbele ya wajawazito. Ya kwanza aliyomtengenezea ilikuwa na waya. Waya mmoja ukabanduka pale ulipochomelewa, ncha ikagusa pasipo pake, mfuko wa sare ukatoboka kwa moto. Siku hiyo fundi aliapa: hakuna waya tena. Betri iguse shaba, shaba iguse koili, basi. Kisichokuwepo hakikatiki.

Kusema ni rahisi. Kwanza aliweka springi chini ya betri. Umeme ulipopita, springi ikapata moto na kulegea kama uzi uliolowa. Akaitupa, akaweka vibati viwili vya shaba vilivyonyooka, akavisugua kwa msasa hadi vikang'aa. Mezani kisanduku kiliwaka kila alipobonyeza. Kwa dada kikafa kesho yake. Akasugua tena. Kikafa tena.

"Na sigara?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nimevuta tatu. Chombo kimegoma, ulitaka nitafune kitufe?"

Hapo ndipo palipomuuma. Kila aliposhindwa yeye, dada yake aliwasha nyingine. Akakinyakua kisanduku, akabonyeza. Sss! Mvuke ukapanda hadi darini.

"Unaona? Kinafanya kazi!"

"Kwako kinafanya. Kwangu kinanuna."

"Basi unakiangusha, dada. Sema ukweli tu."

Mkunga alijishika kiuno. "Watoto wote niliowapokea kwa mikono hii, wanateleza kama samaki, sijamwangusha hata mmoja. Nitakuja kuangusha kigogo chako? Na hizo nyaya zilikukosea nini? Mimi sikukutuma ukapigane nazo. Niliomba kitu cha kuushughulisha mkono wangu."

Akaondoka. Fundi akaitupa bisibisi kwa hasira. Ikagonga saa ya mteja, gurudumu dogo kuliko punje ya mtama likarukia chini ya kabati. Alishinda amepiga magoti akilitafuta, akijitukana kimoyomoyo, huku mkewe akimwambia kutoka mlangoni, "Wifi anaumwa kifua, wewe unashindana na bati."

Alasiri iliyofuata alikipeleka kisanduku nyumbani kwa dada yake, akaketi jikoni kama askari mlinzi. "Endelea na kazi zako. Mimi naangalia."

Mkunga alikitia mfukoni mwa aproni, kikalala ubavu. Akainama kupiga deki, akainuka, akainama. Alipokitoa na kubonyeza, kimya. Fundi akakipokea, akabonyeza mwenyewe. Kimya. Nusura ashangilie: kwa mara ya kwanza kilikuwa kimefia mikononi mwake. Akafungua mfuniko. Betri ilikuwa imesogea unene wa unywele, na shaba iliyonyooka haikuifuata. Waya ungejikunja ukaifuata. Kulikubali hilo kulikuwa kama kumeza mwiba.

"Hebu chomoa birika nikupe chai, uache kununa," alisema dada. "Vuta kwa nguvu, soketi hiyo inang'ang'ania."

Alivuta. Akachomeka tena, akavuta tena, akachomeka.

"Wewe! Utaniharibia ukuta!"

"Dada, una soketi mbovu popote?"

Ilikuwepo moja kwenye droo, chini ya mishumaa. Aliipasua kwa nyundo pale pale sakafuni palipotoka kupigwa deki. Ndani mlikuwa na ndimi za shaba ya njano zilizopinda, zile zinazobana meno ya plagi, ukizisukuma, zinarudi. Hakuna waya unaogusa plagi, na birika limechemka miaka yote. Alikata ndimi mbili, akapachika moja juu, moja chini. Betri ikaingia kwa kusukumwa, ikabanwa.

"Tia mfukoni. Inama."

"Niiname?"

"Inama, dada. Inuka. Sasa zunguka."

Mkunga mkuu wa zamu akazunguka jikoni na aproni yake, akilaani ukoo wao mzima. Kisha akabonyeza. Mvuke. Akaruka kidogo, akabonyeza. Mvuke. Fundi hakucheka, alikuwa amechoka mno. Alifunika uso kwa viganja, akashusha pumzi.

Siku ya kumi na mbili mlango wa duka ulifunguliwa, dada yake akaingia.

"Kimekufa?"

"Hakijafa. Ndiyo shida yenyewe." Mkunga aliketi kwenye kigoda cha wateja. "Zamani kilipogoma nilikuwa na sababu ya kuvuta. Sasa sina. Kila nikiamka naitamani ile ya karatasi mpaka meno yanawasha, na sina wa kumlaumu. Nimekuja kukukasirikia wewe."

"Umevuta?"

"Sijavuta! Ndiyo maana nina hasira."

Hapo hapakuwa na kibati cha kupinda wala kona ya kupiga msasa. Fundi akamsogezea feni imwelekee, akaivaa lenzi yake jichoni na kurudi kwenye saa. Dada yake alikaa pale hadi jioni, amenuna, wateja wakimwamkia kwa woga.

Kesho yake akaja tena, bado hajavuta.