Mpiga Nyundo na Mashine ya Tambi

Tangu Gharib afungue karakana yake ya pikipiki chini ya nyumba ya mama mkwe wake, Mji wa Kale, hakuna aliyemwita fundi katika nyumba ile. Bi Ummukulthum alikuwa na jina lake la kumwita. "Mwambie Mpiga Nyundo chai tayari," angemwambia bintiye Nabiha, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

Na haki alikuwa nayo, tusimsingizie. Ghorofani alisomesha wasichana Kurani, na chini mkwewe akigonga kutwa. Shoki za mbele za pikipiki zina mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, mafundi huuita sili, na sili hiyo huingia mahali pake kwa kubana. Gharib aliipiga kwa nyundo na bisibisi, huku kidogo, kule kidogo. Mara nyingi iliingia upande ikachanika, naye akaanza upya, kong'o, kong'o, na lawama zote akaitupia sili.

Jumatatu Bi Ummukulthum aliteremka hadi ngazi ya mwisho.

"Gharib mwanangu," alisema, na Gharib aliposikia jina lake akajua mambo yameiva. "Chumba hichi ni changu. Nakupa hadi Ijumaa. Ama nyundo inyamaze, ama utafute pa kugongea."

Gharib akaiweka nyundo chini. Alikipenda chumba kile kama watu wanavyopenda jamaa. Kilikuwa baridi hata Februari, wateja wake wa Feri walikijua wakiwa wamefumba macho, na Nabiha humteremshia kahawa kwa kikapu na kamba kutoka dirishani. Angepata wapi tena dirisha kama lile?

Jumatano baada ya magharibi alikaa jikoni kwa unyonge, akimtazama Nabiha akitengeneza tambi za dengu kwa mashine ya shaba ya mamake. Nabiha alizungusha mkono wa mashine taratibu, parafujo ikashuka, na unga ukatoka chini sawasawa ukaingia kwenye mafuta ya moto.

Gharib akasimama wima. "Nabiha! Haipigi!"

"Haipigi nini?"

"Yasukuma!"

"Lini ukaona tambi zikipigwa, mume wangu? Hebu nipa hilo sinia."

Asubuhi alikuwa Bondeni kwa Katana, muuza vyuma chakavu, akipekua lundo hadi mikono ikawa myeusi. Alirudi na bolti ndefu yenye meno mwili mzima, na beringi kuukuu yenye upana wa sili. Aliisaga beringi ile hadi ikapita mdomoni mwa shoki bila kukwama. Kisha akachukua mguu wa shoki ya Joab, dereva wa bodaboda, akapitisha bolti kwenye tundu la chini, akaweka sili, juu yake beringi, na juu kabisa nati aliyoichomelea mkono wa kuzungushia. Akakaza kwa nguvu zake zote. Sili ikaenda upande.

Alikuwa akiitoa na kuweka nyingine, jasho likimtoka, mlango ulipotiwa kivuli.

"Kimya kingi kina mshindo," alisema Bi Ummukulthum. "Lelo sikusikii. Nimeteremka kutazama kama u hai."

"Ni hai, Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akainama, akatoa macho. "Hini si mashine yangu ya tambi?"

"Hasha, Mama! Yako iko jikoni salama. Hii ni nduguye."

Mzee wa watu alimtazama akikaza kwa papara, akashindwa kuvumilia. "Kwani wagombana nayo? Ata, nipa mie."

Akakunja mikono ya buibui, akashika. Alizungusha kidogo, akatua, akalegeza, akazungusha tena, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kukamua tambi za Ramadhani zote za umri wake. Sili ikashuka ikakaa kitako. Gharib akapitisha kidole pande zote: sawa kabisa. Furaha ilimjaa hata akasahau adabu, akambusu mama mkwe kichwani.

"Toka hapa, una girisi!" alisema yeye, akapanda juu akijifuta kidole kwa kitambaa.

Gharib akashika mguu wa pili. Alizungusha, akatua, akalegeza, akazungusha. Juu darasa likaanza, na kwa mara ya kwanza kila herufi ilisikika hadi karakanani, mbovu na nzima. Haukupita muda sauti ya Bi Ummukulthum ikapaa.

"Rudia! Na wewe pia, rudia! Kumbe siku zote mwajificha nyuma ya nyundo ya..." Akasita. "Nyuma ya nyundo ya fundi!"

Gharib aliacha kuzungusha, akasogea dirishani, labda atalisema tena neno lile.